Zuhura na Mshtarii juu ya Nam Lolwe

Homa Bay,
Jumamosi, 4 Machi 2023

Mjomba,

Natumai lile goti limeacha visa vyake. Huku joto tu ndilo linalotutesa. Mvua za masika zinapiga hodi kila jioni, zinanguruma huko ziwani, kisha zinaghairi. Msalimie mkaza mjomba, mwambie mzigo wake nimeutafuta na habari zake ziko chini.

Ulisema habari za nyota nisikupe kwa simu, kwa kuwa kwenye simu nakimbizana na salio. Haya basi, vaa miwani, kaa barazani.

Zile mbili zetu, Zuhura na Mshtarii, nimezifuata tangu jioni ile ya Februari 22 uliponipigia ukisema nitoke nje haraka, mwezi umekaa na Mshtarii. Nilikuwa bado Nairobi. Nilipanda juu ya paa na sufuria nikaiacha motoni. Mwezi mchanga wa Shaabani ulikuwa umelala chali, kama ulalavyo huku kwetu karibu na ikweta, pembe zote mbili juu. Mshtarii ubavuni pake, na Zuhura chini yao ikiwaka kuliko chochote kilichokuwa angani. Ukinyoosha mkono, kati ya sayari hizo mbili palitosha vidole vinne. Tangu siku hiyo pengo lilipungua kila magharibi, takriban digrii moja kwa siku. Wewe ndiye uliyenifundisha sababu yake: Zuhura ina haraka, hulizunguka jua kwa siku 225, na Mshtarii inajikokota, mzunguko wake mmoja unakula karibu miaka 12. Aliye nyuma ana mbio, aliye mbele hana habari.

Huku swali la watu ni moja tu: ni usiku gani? Wamesikia redioni, au wametumiwa picha kwenye simu, kwamba nyota mbili zitakutana Machi mosi. Wanataka tarehe na saa, watoke, waone, warudi ndani kwa taarifa ya habari. Siwalaumu, lakini naona wamepunjwa. Usiku mmoja unakuonyesha nukta mbili zinazong'aa, basi. Raha ya jambo hili ni mwendo wake, na mwendo hauonekani mpaka umetoka jana, na leo, na kesho. Katika safari hii walionishangaza hawakuwa wale wenye tarehe. Walikuwa watu ambao kazi yao inawaweka nje usiku, na ambao hakuna aliyewaambia lolote.

Wa kwanza nilimpata Migori. Unaujua mji ule: barabara moja kubwa, malori ya Isebania na Sirare yanapita mchana kutwa na usiku kucha, na bodaboda zimejaa hadi mlangoni mwa benki. Nilifika na maboksi yangu ya vitabu vya shule, nikachukua chumba kwenye gesti moja isiyo mbali na daraja. Jumatatu jioni wingu lilikuwa limetanda, lakini upande wa magharibi lilikuwa limechanika. Nikasimama uani. Askari wa zamu, kijana mwenye koti zito na rungu, akaja kusimama nami akatazama nilikokuwa natazama.

"Hiyo ya chini ni droni," akaniambia kwa uhakika. "Ya serikali. Inafika saa moja, inaondoka saa tatu."

Nikamuuliza kama saa yake haibadiliki hata kidogo. Akafikiri. "Siku hizi inachelewa kuondoka," akasema. "Krismasi ilikuwa inaenda mapema."

Mjomba, nilitamani ungekuwapo! Kuhusu droni amekosea, lakini ratiba yake ni sahihi kabisa. Zuhura ilianza kuchomoza kwenye mwanga wa magharibi mwezi wa Desemba, ikawa inazama muda mfupi baada ya jua. Sasa inakaa karibu saa mbili nzima, na wiki kwa wiki inazidi kukaa. Kijana yule hajafungua kitabu cha falaki hata siku moja. Analinda lango tu, na lango linaangalia magharibi. Nilimwambia ni sayari, na ile ya juu yake pia ni sayari, na kwamba usiku huo ziko umbali wa vidole viwili na Jumatano zitakuwa chini ya kimoja. Akanyoosha mkono akapima. Kesho yake asubuhi alipokuwa akinifungulia lango aliniuliza kama na ile nyekundu ya utosini, iliyokuwa jirani na mwezi, imo kwenye mpango. Nikamwambia hapana, hiyo ni Mirihi, ina safari zake.

Jumanne nikapanda matatu ya Sori. Njia inapita Masara na Macalder, nchi ya wachimba dhahabu. Unaona vifusi vya mawe yaliyosagwa kando ya mashimo, na watu weupe kwa vumbi kuanzia kichwani hadi miguuni. Ukivuka huko, hewa inabadilika, unaanza kunusa samaki kabla hujaona maji. Sori iko kwenye ghuba ya Karungu, na nilikuwa na sababu ya kuichagua. Homa Bay na Mbita ukitazama magharibi unakutana na vilima na visiwa. Sori ukitazama magharibi hakuna kitu, ni maji hadi macho yanakoma. Kenya ina asilimia 6 tu ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, lakini ukisimama pale ufuoni utadhani lote ni letu.

Jua lilizama saa moja hivi. Halizami kwa madaha kama nilivyosikia ukisimulia miaka yako ya meli huko Ulaya, ambako mwanga wa jioni unang'ang'ania hadi usiku mkubwa. Huku linashuka wima, linatumbukia, giza linaingia. Kabla ya dakika kumi kupita Zuhura ilikuwa wazi, na punde Mshtarii ikajitokeza juu yake. Kwa vile njia ya sayari kwetu imesimama karibu wima, zilikuwa zimepangana moja juu na moja chini, zote mbili zikishuka kuelekea majini.

Nilikuwa na darubini ya kuazima, ile ya macho mawili ya watu wanaotazama ndege. Nilitafuta pa kuiegemeza nikaona mtumbwi uliopinduliwa, na juu yake ameketi mzee anayetengeneza taa. Nikamwamkia kwa Kijaluo, "Misawa, jaduong'." Akaitikia bila kuinua kichwa.

Taa yenyewe nikueleze, maana wewe ulizijua karabai tu, zile za kupampu mafuta ya taa, na hapa bado zipo mbili tatu zenye kutu. Siku hizi ni balbu ya LED iliyofungwa juu ya kijukwaa cha mbao kinachoelea, waya unashuka kwenye betri, na betri ameizungushia kipande cha tyubu ya gari na kukikaza kwa uzi wa nyavu ili maji yasiingie. Uzi ulikuwa umekatika, naye alikuwa anaukaza upya kwa meno na koleo. Usiku wanakiacha kijukwaa kikielea na taa ikiwaka, wanakaa mbali kidogo, wanangoja. Wadudu wanafuata mwanga, omena, dagaa wa huku, wanafuata wadudu na mwanga pia, kisha wavu unapitishwa chini yao wote. Usiku wa giza nene, ukiwa ufuoni, taa ni nyingi hata hujui ziwa limeishia wapi na nyota zimeanzia wapi.

Lakini usiku ule hazikuwapo. Mwezi ulikuwa umeshavuka nusu, na omena wanapokuwa na mwezi juu hawana haja na taa ya mtu, wanatawanyika. Kwa hiyo kila mwezi unapokaribia mpevu wavuvi wa omena wanapumzika, wanashona nyavu, wanakwenda matangani, wanalipa madeni au wanayakimbia. Wachache walikuwa wamelala chini ya mti wakingoja mwezi uzame, kama saa nane usiku, waingie kwa masaa yale machache ya giza yaliyobaki. Riziki ya watu hawa, mjomba, imeandikwa kwenye kalenda ya mwezi kuliko yetu sisi tunaofunga na kufungua nayo.

Nilimwomba jaduong' ruhusa ya kuegemea mtumbwi wake, nikaanza kumweleza kwa heshima kwamba zile mbili pale zinasogeleana na kesho zitakuwa karibu zaidi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaelekeza koleo magharibi.

"Hiyo kubwa inapanda tangu mwaka jana ukiisha," akasema. "Ilikuwa inazama sisi bado tunapiga kasia. Mwezi wa kwanza ilikuta moja dhaifu, ikaipita. Sasa imekuta hii."

Nilinyamaza. Moja dhaifu ya mwezi wa kwanza! Ilikuwa Zohali. Tarehe 22 Januari Zuhura iliipita kwa karibu kuliko hata ilivyoikaribia Mshtarii, na sisi wenye darubini na programu za simu tuliikosa, mimi kwa uvivu na wewe kwa mawingu. Yeye aliiona kwa sababu siku hizo mwezi ulikuwa ndio kwanza unaandama, giza lilikuwa zuri, na kila aliye na mtumbwi wa omena alikuwa majini magharibi ile uso kwa uso nayo. Nilimtajia jina la Zohali. Halikumshughulisha. Alichotaka kujua ni kama kweli darubini yangu inaleta karibu, na alipoipata mkononi hakuielekeza angani hata kidogo. Aliielekeza ziwani kutazama mtumbwi fulani uliochelewa kurudi, akautambua, akanirudishia.

Nililala Sori, mbu wakanila.

Jumatano asubuhi nikaelekea Homa Bay kwa njia ya Ndhiwa na Rodi Kopany, na katikati nikachepuka kwenda Thimlich Ohinga. Umeniambia mara nyingi magofu ya Gede hayana mwenzake. Njoo uone haya. Ni kuta za mawe makavu, yamepangwa bila udongo wala chokaa, mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu, na zimesimama tangu karne ya 16 au kabla ya hapo. UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Milango yake ni mifupi makusudi: unaingia umeinama, na kama u adui, aliye ndani anakuona kisogo kwanza. Ukisimama katikati ya boma, ukuta unakuzunguka pande zote na mbingu inabaki duara juu yako. Nilitamani kubaki hadi magharibi niione Zuhura ikishuka nyuma ya mawe yale, lakini mahali penyewe pana saa za kufungwa na bodaboda yangu ilikuwa inahesabu shilingi.

Sasa Homa Bay, na usiku wenyewe.

Mji umekua, mjomba. Umewekewa mulika mwizi, zile taa ndefu za mlingoti, na kweli wezi wamemulikwa, lakini nyota nazo zimefukuzwa. Kilimia, ambacho wewe unakitumia kupimia misimu ya mvua, nilikitafuta juu upande wa kaskazini-magharibi nikakipata kwa shida, kama alama ya kidole kwenye kioo. Zile nyota za Hutu, kundi la Samaki, ambazo sayari zetu zilikuwa zimepiga kambi kati yake hazikuonekana hata moja. Zuhura na Mshtarii hazikujali. Zilikuwa juu ya vilima, pamoja, Mshtarii juu na Zuhura chini yake, kulia kidogo. Nikanyoosha mkono na kidole cha mwisho, zote mbili zikafichika nyuma yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha samaki karibu na maji. Wateja walikuwa wanatazama, wengine wanapiga picha kwa simu na kupata madoa mawili meupe. Mama mwenye kibanda, aliyekwisha niita mwalimu kwa sababu ya maboksi ya vitabu, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri tangu Migori.

"Mwalimu, zitagongana?"

Nikamwambia haziwezi. Zuhura usiku huu iko zaidi ya kilomita milioni 200 kutoka hapa kibandani. Mshtarii iko zaidi ya milioni 860, mara nne ya hapo na zaidi. Mwanga anaouona wa Zuhura umetoka huko kama dakika kumi na moja zilizopita. Ule wa Mshtarii umetoka zamani, alipokuwa bado anaparua magamba, dakika 48 nyuma. Mshtarii ni kubwa mno, dunia yetu ingepangwa mara kumi na moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, lakini kwa sababu ya umbali ule inaonekana mdogo mtu. Zuhura ni kadiri ya dunia tu, ila iko karibu na imevikwa mawingu meupe yanayorudisha mwanga mwingi wa jua.

"Kwa hivyo hata hazijuani," akasema, akageuza ngege kwenye mafuta.

Hazijuani! Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, hakuna lililolimaliza upesi hivyo.

Kisha nikatoa darubini, na hapo nikapoteza utulivu wangu. Foleni ikajipanga yenyewe: watu wa bodaboda, wapishi, msichana wa sare ya shule aliyepaswa kuwa nyumbani. Kitu kimoja nilichojifunza, na nakuandikia ukitumie: mkono mtupu hautulii, nyota inacheza ngoma. Mwegemeze mtu kwenye nguzo, viwiko vibanwe mbavuni, mwambie ashushe pumzi, ndipo aangalie. Msichana yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Mshtarii ina vidoa kando yake, vimejipanga mstari. Nikamweleza kwamba ni miezi yake, na kwamba Galileo alipoviona Januari 1610 alivichora usiku baada ya usiku hadi akatambua kwamba vinaizunguka. Akarudi mwisho wa foleni aone tena. Kijana mmoja wa bodaboda akasema yeye haoni kitu, kumbe alikuwa ameacha vifuniko. Walimcheka hadi akaondoka na abiria bila kupatana bei.

Wapo walioniuliza kama kuna siku Zuhura itaifunika Mshtarii kabisa. Ipo: 22 Novemba 2065. Mara ya mwisho ilikuwa 3 Januari 1818. Ila hiyo ya 2065 itakuwa karibu mno na jua, kuiona itakuwa kazi, kwa hiyo usijilaumu kwa kutokuwapo.

Zilizama muda mfupi kabla ya saa tatu. Nilikuwa nimetaka kusimama mpaka dakika ya mwisho, lakini vilima vilizichukua kabla, moja na kisha nyingine, na watu walikuwa wamekwisha kurudi kwenye samaki na mpira wa televisheni.

Alhamisi nikatoka tena, na hapo ndipo nilipohakikisha ninayokuambia kuhusu usiku mmoja. Kibandani hapakuwa na mtu anayetazama juu. Redio ilisema Jumatano, na Jumatano imepita. Lakini pengo lilikuwa lilelile la jana au karibu yake, na mambo yamegeuka: Zuhura, iliyokuwa chini, sasa iko juu. Imeshapita. Nilimwita mama akaja mlangoni na mwiko wake, akatazama, akasema, "Ee, imemruka." Yule msichana wa shule alikuwa amekuja na daftari. Alikuwa amechora ya Jumatano, akachora na hii kando yake. Nilimpa kitabu kimoja kutoka kwenye maboksi, nawe usimwambie mwajiri wangu.

Leo pengo tayari limefika vidole viwili na linazidi kupanuka. Sasa sikiliza kazi yako. Mshtarii itaendelea kuteremka kila jioni hadi ipotee kwenye mwanga wa jua. Aprili 11 itakuwa nyuma ya jua kabisa, kisha itarejea alfajiri upande wa mashariki. Kabla ya hapo kuna jioni moja inayokuhusu wewe na wazee wenzako. Mtakapopanda juu kutafuta mwezi wa Ramadhani, Jumatano ya Machi 22, Mshtarii itakuwa chini sana magharibi na mwezi mwembamba jirani yake, na Zuhura juu yao wote. Tumieni Zuhura kama alama: anzieni hapo mteremke polepole kuelekea jua lilipozamia. Kwenu Mombasa linatangulia kuzama kwa dakika 20 hivi kuliko huku, kwa hiyo msichelewe kupanda ngazi, na wewe hasa na goti hilo, panda mapema. Mwezi ukionekana nitumie ujumbe. Nitakuwa Kisii, huko vilima vinakula nusu ya mbingu.

Mzigo wa mkaza mjomba ni omena, gunia dogo, wa kukaushwa vizuri kwenye nyavu, si wale wa kutupwa mchangani. Nimeupeleka kwa basi la usiku hadi Nairobi na kutoka hapo utaunganishwa Mombasa. Namba ya risiti nitakutumia kwa simu. Akija kuuchukua mtu mwingine awe na kitambulisho. Mwambie awakaange wakavu kwanza, ndipo atie nyanya, na asiwaloweke muda mrefu kama anavyofanya kwa papa.

Wasalaam,
Mpwa wako